Rayo Sita za Gita ya Sikuli

Mimi Waziri sikumaliza hata mwaka wa tatu wa shule kwa mapadri, lakini katika Kindu yote hapakuwa na kinga, ni kusema baiskeli, yenye kung'aa kama yangu. Rayo, zile spoki za magurudumu, nilizizungushia nyuzi za plastiki, kijani na manjano. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma yangu tu kwa kuzitazama.

Sikuli ni mutoto wa dada yangu, fundi wa chuma kwenye atelie, karakana ya treni, na mpiga gita. Mwaka 1978, wakirudi na orkestre yao toka Kailo, pipa la mawese likabingirika ndani ya kamyo, lori walilopanda, likavunja kichwa cha gita yake. Funguo zote za kukazia nyuzi zikapotelea njiani.

Mukubwa wa orkestre aliitwa Louis. Kwenye karatasi alikuwa na jina lingine, kama sisi wote wakati ule serikali ilipokataza majina ya Kizungu. Hakumhurumia.

"Jumamosi, kiisha kazi ya lazima ya salongo, tunapiga harusi ya Jeannette. Ukikuja mikono mitupu, Roger, yule mpiga gita mwingine, anachukua nafasi yako. Si kwa siku moja. Kabisa!"

Sikuli akanikimbilia. "Mujomba, nifanye nini?"

"Uizike. Nitakuja kwa matanga."

Hakucheka. Akakata shingo ya gita kwa msumeno, akatia pale juu skru sita za kushika nyuzi. "Sheria gani inasema gita ikazwe kichwani? Hii nitaikaza matakoni!"

Akatoboa bamba la chuma matundu sita, akalifunga kule chini. Kisha Ijumaa akaniomba kinga, ati aende sokoni mara moja. Nikamupa, akairudisha usiku, gizani. Mimi ni mutu wa roho nzuri, kila mutu anajua.

Jumamosi nikavaa abakosti, koti langu la sherehe, nikapanda kinga yangu niende harusini. Gurudumu la mbele likaanza kucheza peke yake, kushoto, kuume, mpaka likanitupa mbele ya shangazi zote za bibi harusi.

"Mujomba umeshaanza kunywa?" akauliza Odile, mukubwa wao.

Nikainuka na vumbi langu. Sikuli alikuwa amesimama na gita. Nyuma ya lile bamba niliona vyuma sita vyembamba, kila kimoja na ekru yake, nati ndogo. Ukizungusha ekru, chuma kinavuta uzi. Na vyuma vile vilikuwa kijani na manjano!

"Mwizi! Rudisha rayo zangu!"

"Mujomba, polepole," akaninong'oneza. "Ukizichomoa sasa, Roger anapanda jukwaani."

Kweli, Roger alikuwa pale, gita tayari shingoni, ameshaanza kutabasamu. Louis akaniangalia. Harusi nzima ikaniangalia. Na mimi, watu wengi wakiniangalia, siwezi kujizuia.

"Mnaona?" nikapaza sauti. "Zile rayo ni zangu! Bila Waziri, hakuna gita!"

Sikuli akapiga. Nyuzi zikalia safi, ekru hazikulegea mpaka jua likashuka. Roger akarudi kwao na gita yake nzima, kichwa na vyote. Louis akampa Sikuli mukono: nafasi njo yake.

Rayo sijarudishiwa. Kinga yangu mpaka leo inatembea kwa kukata kiuno, na watoto wangali wanakimbia nyuma yangu, tena sasa njo wengi zaidi.