Mwende, mashine imekataa kuanza, vile uliiambia

Siamini bado. Jana jioni nilikaa kwa matanga nyumbani kwake Tassia, kwa viti vya plastiki, nikisikia watu wakisema "marehemu", na nikageuka kumtafuta Mwende nimuulize ni nani amekufa.

Kwa wale hamkumjua: Mwende alikuwa programa mwenzangu, na rafiki yangu. Kifua kilianza kama mchezo. Tukaambiwa anaendelea vizuri, halafu simu ya dadake ikaingia nikiwa napika.

Nimechoka, watu wangu. Naandika tu kwa sababu nikinyamaza ni mbaya zaidi.

Mwende alikuwa na swali moja kwa kila mtu: "Umepima ama unadhani?" Ukimwambia nadhani seva imelemewa, hilo swali. Ukimwambia nadhani huyo jamaa anakupenda, hilo hilo.

Kiamaiko tulienda kula nyama ya mbuzi, akamuuliza muuzaji, "Hii ni kilo, umepima ama unadhani?" Yule mzee alicheka mpaka akatuongezea mbavu.

Kazi yetu ni pasi za geti. Kampuni za Industrial Area zinaita vibarua asubuhi, kila mmoja anapata pasi kwa simu, na mfumo wetu unaitia sahihi ya kidijitali ili askari wa geti ajue si ya kughushi. Kabla ya hapo mabroka walikuwa wanauza pasi feki, na mtu wa haki anabaki nje.

Sasa, mwaka jana tulihamia seva mpya, na sahihi zikaanza kukokota miguu. Pasi moja inangojewa, inangojewa. Laini ikajaa mpaka barabarani.

Mwende hakuhitaji kuelezwa maana ya hiyo laini. Mama yake amefanya kibarua huko miaka yote, akitoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu. Supavaiza akitosheka na watu, geti linafungwa, na ukiwa nyuma umerudi nyumbani bila kazi.

Sisi tukaanza kudhani. Mimi nikasema ni network. Karanja, bosi wetu, akasema seva ni ndogo, ikaongezwa nguvu. Wapi. Ilikokota vilevile.

Mwende akaweka saa kwa kila hatua ya ile code. Database, sawa. Network, sawa. Muda wote ulikuwa unaliwa na kutia sahihi peke yake, ndani ya laibrari, yaani code iliyoandikwa na watu wengine, tuliyokuwa tukitumia bila kuifungua.

Hapo ndipo Karanja akaleta ushauri wa rafiki yake. Kila sahihi inahitaji namba mpya ya siri, na kuitengenezea hesabu yake ndiko kunachukua muda. Si tufanye hesabu ya namba moja tuwe tunairudia? Kasi itapanda leo leo.

"Hapana, Karanja," Mwende akasema. "Ukirudia hiyo namba, mtu mwenye pasi mbili anapiga hesabu anatoa ufunguo wetu wa siri wa kutia sahihi. Broka atajitengenezea pasi mpaka achoke."

"Mteja anatuacha leo, Mwende. Unaelewa?"

"Naelewa. Nifute kazi, lakini hiyo siandiki. Wanaofungiwa nje ni akina mama yangu."

Mimi niliangalia keyboard. Karanja akatoka kupokea simu na hakurudisha hayo maneno tena.

Bahati, seva ya zamani ilikuwa bado haijazimwa. Mwende akaendesha code ileile kwa zote mbili. Ya zamani ilikimbia, mpya ikatambaa.

Kumbe ile laibrari ina msaidizi, kipande kingine cha programu kinachofanya hesabu kubwa haraka. Isipokikuta kwa mashine inajifanyia hesabu yenyewe, polepole, na haisemi kitu. Wakati wa kuhama hakuna mtu alikumbuka kukiweka.

Kukiweka ni amri moja tu. Akaandika, akabonyeza, akaniambia, "Shiru, piga simu geti uulize." Askari akasema laini inaingia. Mwende akaweka kichwa kwa meza akalala hapo hapo, na mdomo wazi. Picha ninayo, lakini siiweki, angeniua.

Halafu akaongeza kitu: mfumo ukiwashwa kwa mashine isiyo na kile kipande, ukatae kuanza na uandike ujumbe kwa screen. Karanja alisema ujumbe wake si wa kiofisi. Mwende akajibu kwamba mteja hauoni, tutauona sisi tu.

Nilikuwa nimeusahau.

Leo asubuhi nimekuja kazini na macho yamevimba, kwa sababu vibarua hawawezi kungojea matanga yetu. Seva ilikuwa imebadilishwa tena wikendi. Nikawasha mfumo, ukakataa, na hivi ndivyo screen iliniandikia:

"Niaje wewe. Kile kipande cha hesabu hakiko hapa. Usinilazimishe kuanza hivi, watu watakaa kwa laini. Kiweke kwanza. Halafu unywe chai, najua hujakunywa."

Nililia, wandugu. Nililia vibaya, Karanja akaja akasoma juu ya bega langu, akavuta kiti akakaa karibu nami.

Nimekiweka. Nimepima, Mwende, sijadhani. Nimepiga simu geti na laini imeingia yote.

Mama yako hakuwa kwa laini leo. Yuko nyumbani kwako na wageni, na anauliza kila anayeingia kama amekula. Ijumaa tunakurudisha kwenu Makueni tukuzike.

Chai nimekunywa. Ilikuwa imepoa, lakini nimeimaliza.

Wewe lala sasa, rafiki yangu. Lala, geti tutaangalia.