Kuku Aliyemfuta Bibi Kwenye Orodha

Yule bibi jirani yangu wa hapa Handeni, niliyezoea kuwaambia kwamba ni mchumba wangu, amefariki. Tumemzika Ijumaa baada ya swala. Pole zenu wapeni wanawe, mimi msinipe. Mimi ni mmoja wa waliomla kuku wake.

Mwaka ule wa ukame mahindi yalikaukia magotini, wakaja watu wa msaada kuandika kaya zenye njaa. Mimi nikapewa kazi ya kuwaonyesha njia. Kijiji kizima kilijifunza ufukara kwa siku moja: mmoja alihamishia mbuzi kwa shemeji yake Korogwe, mwingine akaficha redio kwenye pipa. Mama yangu akawavua wadogo zangu viatu. Bibi yeye alifagia uwanja, akavaa khanga mpya, akatandika mkeka.

"Shikamoo bibi," mwandikishaji akasema.

"Marahaba mwanangu. Hamwondoki hapa bila kula."

Nikamnong'oneza, "Bibi, hawa wanaandika njaa, hawajaja karamu."

Akanisonya. "Nyamaza wewe! Mgeni atoke kwangu anameza mate? Mama yako hakukufunza?"

Akachinja kuku, na alikuwa naye huyo huyo mmoja. Unga akaazima. Tukala, yeye kakaa pembeni na kikombe cha maji, anasema kashiba tangu asubuhi. Mwandikishaji akaramba vidole, akaniuliza, "Huyu si anajiweza?" Nilikuwa na paja mdomoni. Ningesema unga ni wa kuazima, wangeanza kuuliza na viatu vya kwetu vimekwenda wapi. Nikaitikia kwa kichwa. Kalamu ikapita juu ya jina lake.

Msaada ulikuja, na siwezi kuutukana: wadogo zangu waliacha kusinzia darasani, mama akacheka tena. Bibi alikuja kwetu na bakuli kuomba pumba, eti za kuku. Kuku gani, wakati mifupa niliifyonza mwenyewe? Nilijua. Nikampimia pumba, tena nikamtania, "Msalimie kuku!" Akacheka, akashukuru. Tangu msimu ule hakunenepa tena.

Kwa hiyo ninyi mnaozunguka vijijini na madaftari, mkikaribishwa chakula msitazame sahani. Mtazameni asiyekula. Halafu mgeukieni huyo kijana anayewaonyesha njia, mumuulize kwao wameficha nini.