Salamu za Dakika Moja

Soud Mjaka wa Tibirinzi, Pemba, alishindwa michezo yake ya mwanzo ya sataranji kwa sababu ya adabu.

Mpwawe Haitham, aliyekuja likizo kutoka Maskati, ndiye aliyemtilia mchezo ule kwenye simu. Akamwonyesha namna ya kucheza na watu wa dunia nzima, tena ule wa kasi, ambao kila mtu hupewa dakika moja tu kwa mchezo wote. Dakika ikikwishia umeshindwa, hata kama umemzingira mfalme wa mwenzio na kumvua kilemba. Sataranji yenyewe Soud aliijua tangu ujanani. Lakini alipopewa mtu wa kwanza, mmoja wa Peru, alifanya kama anavyofanya yeyote aliyelelewa: alimwandikia "Asalaamu aleikum", akaiweka simu juu ya kaunta ya duka, akangoja aitikiwe ndipo aanze.

Mtu wa Peru hakuitikia. Dakika ikaisha.

"Keshashinda?" Soud aliuliza.

"Keshashinda, mjomba."

"Kwa kucheza nini?"

"Kwa kukunyamazia."

Soud aliona kwamba dunia imeharibika, lakini hakuacha. Haitham aliporudi Maskati, yeye alibaki na simu, nyuma ya magunia ya mchele, akijifunza kushindwa kwa njia mbalimbali. Baadaye akaona kosa lake: alikuwa anafikiri. Mchezo wa dakika moja haumtaki mtu wa kufikiri; unamtaka mtu aliyekwisha kufikiri jana. Akachagua namna moja tu ya kuanza, akaishika kama miguu inavyoijua njia ya msikitini, akaacha kutafuta mwendo mzuri kuliko yote akaridhika na usio mbaya, ilimradi uwe sasa hivi. Pointi zake zikaanza kupanda.

Kilichobaki ni mlango. Duka la Soud limekaa mahali ambapo anayekwenda kusali, anayekwenda sokoni na anayekwenda kusengenya wote lazima wapite. Na Pemba watu hawasalimiani kwa neno moja kama wanaofukuzwa. Ukishaitikia unaulizwa hali, ukitoka kwenye hali unaingia nyumbani, kwa watoto, kwa yule mgonjwa wa mguu, kwa mihogo, na ukidhani umefika mwisho mwenzio anavuta pumzi na kuanza upya: "Ehee, hujambo lakini?" Salamu kamili ya Mzee Kificho peke yake ilikula dakika nzima na kuomba nyongeza.

Kutoitikia halikuwa jambo la kuwazwa. Ilikuwa miaka ile baada ya uchaguzi wa marudio. Vyama vingi vilipoletwa watu waliambiwa kwamba sasa wana uhuru wa kuchagua, na mtaani kwa Soud uhuru huo ulipokelewa kwa mikono miwili: wakachagua wa kumsalimia na wa kumnyamazia. Kila upande uliuita upande mwingine "Wale". Mtu wa upande wa Soud hakununua sukari kwa Wale, hakupanda gari ya Wale, na Wale wakifiwa alikumbuka ghafla kwamba ana kazi shamba. Wale nao vivyo hivyo, tena kwa bidii. Kwa hiyo salamu isiyoitikiwa haikuhesabiwa usahaulifu. Ilikuwa ni kadi ya chama, imetolewa mfukoni mbele za watu.

Na mwaka huo Soud hakuwa na uwezo wa kununiwa hata na kuku. Binti yake wa pekee, Asya, alikuwa aolewe baada ya Idi na kijana wa Vitongoji. Harusi kule haifanywi na mwenye harusi. Yeye kazi yake ni kuzunguka akiwa na wasiwasi. Inafanywa na majirani, na majirani wa upande wake walikwenda anakokwenda Mzee Kificho. Mzee huyu alikuwa na mwiko mrefu kama kasia, na hakuna pilau la harusi lililopikwa bila yeye. Akija na mwiko wake, kuni zinakuja, maji yanakuja, mabusati yanakuja. Asipokuja, sufuria hukaa pale chini kama mayatima.

"Baba Asya," mkewe Mwanamize alimwambia, "hiyo simu imekuposa nini? Huiachi mkononi, na harusi hiyo inakuja."

"Najifunza."

"Kujifunza nini na mvi hizo?"

Alikuwa anajifunza mwendo wa mapema. Haitham alimtumia maelezo kwa sauti: "Mjomba, cheza kabla hujachezewa. Wakati mwenzio bado anafikiri, wewe panga mwendo wako kabisa. Akigusa kete yake tu, yako inaruka papo hapo, hupotezi hata sekunde. Ila uangalie: akicheza kitu hukukitarajia, mwendo wako utaruka vilevile, na malkia wako amekwenda."

Soud alisikiliza mpaka pale palipomfurahisha, akafunga. Mwendo wa mapema ulimpandisha kwa fujo. Akakaribia pointi elfu moja na mia tano, alipokuwapo Haitham mwenyewe, ambaye aliahidi kwamba siku mjomba atakapompita atamwita Shehe.

Sasa kidole kikishazoea jambo, ulimi nao unaona wivu. Kivuli kikiingia mlangoni, Soud bila kuinua macho alimimina: "Waaleikumu salamu, alhamdulillahi, wazima wote, Mungu azidishe, na nyie?" Ilifanya kazi ajabu. Watu wengi huuliza kwa mpango uleule, na wengine walijikuta wameshajibiwa hata yale waliyokuwa wayaulize kesho. Wakachukua chumvi yao wakaenda zao, wakiwa na hisia ndogo kwamba wameibiwa kitu.

Alasiri moja Soud alikuwa anamfukuza mfalme wa Mturuki kwa ngome mbili. Mzee Kificho akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Asalaamu aleikum, Soud."

"Waaleikumu salamu, alhamdulillahi."

"Yule ng'ombe wangu mwekundu kafa leo."

"Mungu azidishe."

Mzee Kificho alikuwa mtu wa haki. Alimpa nafasi ya pili.

"Nasema ng'ombe kafa, Soud. Yule mwenye mimba."

"Mashaallah. Na watoto hawajambo?"

Mzee alivaa kofia yake akaondoka. Soud alimshinda Mturuki.

Kufika Magharibi, mtaa mzima ulijua kwamba Soud kacheka kifo cha ng'ombe wa mwenzake. Wakati watu wanatawadha kwa Isha alikuwa ameshapiga makofi, na walipotoka msikitini alikuwa ameshachukua kadi ya Wale, na nduguye mtu mmoja aliiona kwa macho yake.

Kesho yake watu walipita dukani wakitazama upande wa pili, kana kwamba ukutani kule pana jambo. Bi Rumaitha, aliyenunua kwa Soud tangu Asya anatambaa, alivuka njia na kikapu chake akaenda kutafuta sukari mbali. Soud, nyuma ya kaunta, alicheza kwa utulivu ambao hajapata kuuona. Alishinda, akashinda tena, akashinda mfululizo, na hapo ndipo alipoogopa. Akainua macho. Mlango ulikuwa mweupe, hauna mtu.

Aliyekuja kuujaza alikuwa Mabruki. Mabruki ni wa Wale, na si wa Wale wa pembeni. Ni wa Wale wanaobeba bendera. Hajamsalimu Soud tangu uchaguzi.

"Asalaamu aleikum, ndugu yangu!"

Soud aliitikia polepole, kila neno na haki yake.

"Hatimaye umeona," alisema Mabruki.

"Nimeona nini?"

"Habari ya ng'ombe tumeisikia." Akachukua sabuni asiyoihitaji, akainama juu ya kaunta. "Na harusi usitie shaka, yakhe. Tutakupikia sisi. Sufuria tunayo."

Akatoka anatabasamu, na Soud akakaa juu ya gunia. Wale wakigusa pilau lile, upande wake hautakanyaga ua wake mpaka Kiyama, na Asya ataolewa na mtaa umempa mgongo.

Mwanamize alipoelezwa kisa chote, simu, Mturuki, mwendo wa mapema, alishika kichwa, akacheka, akakasirika kwamba amecheka.

"Nenda kwa Mzee Kificho. Na simu hiyo uende nayo."

"Simu ya nini tena?"

"Ukimwambia kwa mdomo, nani atakuamini?"

Asubuhi Soud alimkuta mzee barazani kwake anafungua mafundo ya kamba ya ng'ombe, moja moja. Akasalimu. Akaitikiwa kwa kichwa. Akasema yote, na alipomaliza mzee alikuwa bado kwenye fundo lilelile.

"Mchezo," alisema Mzee Kificho.

"Mchezo, Mzee. Sikukusikia. Wallahi sikukusikia."

"Mtu mzima, anaoza mtoto, haoni na hasikii, kwa mchezo. Soud, bora ungeniambia umechukua kadi. Hilo ningelifahamu." Akaiweka kamba. "Hebu cheza nione."

Soud akakaa karibu naye akafungua. Akapewa Mpolandi. Hakujua aombe nini, ashinde au ashindwe, lakini vidole havikuwa na ubishi, vilikwenda. Mzee aliinama mpaka ndevu zikagusa simu.

"Hizi tarakimu zinazokimbia ni nini?"

"Ndio uhai wangu, Mzee. Zikifika sifuri nimekufa."

"Ahaa."

Mpolandi alikosea. Farasi wake akaenda, kisha ngome, kisha mfalme akabaki pembeni amebanwa kama mtu chooni. Ulibaki mwendo mmoja. Soud aliuona, na akaona pia kwamba ukikaa ule anampita Haitham na ushehe ni wake.

"Asalaamu aleikum, Soud," alisema Mzee Kificho.

Kidole kilisimama hewani. Jibu lilikwishapanda kooni lenyewe, lote zima, na la watoto ndani yake. Soud alilimeza. Akageuka, akamtazama mzee usoni.

"Waaleikumu salamu warahmatullahi wabarakatu, Mzee Kificho."

"Hujambo?"

"Sijambo, sijui wewe."

"Mie mzima. Nyumbani?"

"Nyumbani wazima."

"Mwanamize?"

"Mzima, anakusalimu."

"Asya?"

"Asya yumo ndani, hatoki, ndiyo mambo ya kina biarusi."

"Mihogo?"

"Mihogo inakwenda, ila nguruwe."

"Laana wale." Jicho moja la mzee lilikuwa kwa Soud, la pili lilikuwa kwenye tarakimu. Akatafuta. "Na... na yule... paka wenu?"

"Hatuna paka, Mzee."

"Alhamdulillahi."

Simu ikalia. Mzee Kificho akaiangalia kwa upole.

"Imekuwaje?"

"Nimekufa, Mzee."

"Mungu azidishe," alisema Mzee Kificho.

Akaichukua kamba yake, akaizungusha mkononi mpaka ikawa duara, akaitundika msumarini.

"Pole kwa ng'ombe, Mzee," alisema Soud mwisho.

"Nimepoa. Alikuwa ng'ombe hasa." Akasafisha koo. "Sasa niambie, kuni zishapatikana, au nazo umezicheza mapema?"

Siku ya harusi mwiko mrefu ulifika tangu asubuhi, na nyuma yake kuni, maji, mabusati, na Bi Rumaitha na kikapu chake, anamsalimu Soud kama hapakuwa na kitu. Simu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya Mwanamize, mafundo mawili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipogunduliwa kwamba Mabruki hajaambiwa na mtu asije. Alikuja, na watu wake, na sufuria.

Hakuna aliyemfukuza, kwani mgeni wa harusi hafukuzwi. Hakuna aliyemsalimu pia. Aliweka mafiga yake pembe ya pili ya ua, wakawa wanapika pilau mbili huku wamepeana migongo, na baba wa biarusi katikati kama mfalme asiye na pa kwenda.

Mzee Kificho alinusa upepo. "Soud," alisema bila kugeuka, "kawaambie Wale kuni zao nyingi. Wali utashika chini."

Soud akauvuka ua, hatua za mtu asiye na haraka, akasimama mbele ya Mabruki.

"Mzee Kificho anakusalimu," alisema. "Anauliza hujambo, na nyumbani hawajambo, na yule mamako maradhi yake vipi. Na kuni anasema upunguze kidogo."

Mabruki alimtazama Soud, kisha akautazama mgongo wa mzee kule pembeni. Akainama, akavuta kijinga kimoja cha moto kutoka mafigani.

"Mwambie mama ana nafuu," alisema.