Mpiga Chupa wa Bendi Isiyokumbukwa

Baba yangu amewahi kurekodi santuri. Hivyo ndivyo alivyotuambia tangu tukiwa wadogo, na hivyo ndivyo tulivyokataa kuamini mpaka tukawa watu wazima. Alisema alikuwa katika bendi moja ya vijana wa hapa Arusha, waliokwenda Nairobi kwa lori, wakarekodi nyimbo mbili, moja upande huu na nyingine upande ule, kisha bendi ikafa na kila mtu akarudi kwao kupalilia kahawa. Tungemwamini kama angesema alipiga gitaa, au hata ngoma. Baba alisema alipiga chupa.

Chupa ya kioo, na msumari. Alilieleza jambo hilo kwa uzito wa mtu anayeeleza mipaka ya shamba. Chupa tupu hulia vingine, chupa yenye maji kidogo hulia vingine, na mjinga ndiye anayeipiga shingoni. Mama alikuwa akiyasikiliza hayo yote huku anachambua mchicha, halafu anasema, "Mimi nimeolewa na huyu mtu. Hiyo chupa sijaiona."

Kwenye harusi za ukoo Baba alichukua chupa na uma, akawasaidia wapigaji bila kuombwa. Hata muziki ulipoanza kutoka kwenye kompyuta ya dijei, aliendelea kuisaidia kompyuta. Kamati za harusi zikajifunza. Meza yake ikawa inawekewa soda za plastiki. Baba aliigundua hila hiyo mara moja, akatangaza kwamba plastiki imeua muziki wa nchi hii, na akakataa kunywa.

Basi ilikuwa hivyo, utani wa nyumbani, mpaka siku kaka yangu mkubwa alipopokea wakwe zake kwetu Lemara. Katika kutambulisha ukoo alifika kwa Baba akasema, "Na huyu ndiye baba yetu, msanii wa kimataifa wa chupa." Wakwe walicheka mpaka mmoja akapaliwa na supu. Baba naye alicheka kidogo, kwa adabu. Tangu siku hiyo hakuitaja tena bendi. Harusi iliyofuata waliomwandalia plastiki walijisumbua bure, maana alikaa na mikono mapajani kama mgeni. Nilikasirika, na mimi nikikasirika lazima nifanye kitu. Nikaamua kuitafuta santuri hiyo nimwekee kaka yangu masikioni, ili ijulikane kama mzee wetu ni mwongo au la.

Nilianzia kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaotafuta bendi ambazo hakuna mwingine anayezitafuta. Ni watu wa ajabu. Yuko mmoja wa Tanga anayejua kila mpiga besi aliyekwisha kufa lakini hajui mke wake alizaliwa lini, na anajisifia hilo. Wako wawili waliogombana wakapatanishwa na kundi zima kwa sababu ya rangi ya karatasi ya katikati ya santuri ambayo wote wawili hawajawahi kuiona. Nilipouliza bendi ya Baba, wa kwanza alijibu kwamba haijawahi kuwepo. Wa pili alijibu kwamba ilikuwepo, ila ilikuwa mbaya. Nilifurahi sana kusikia ilikuwa mbaya.

Huyo wa pili alinielekeza kwa fundi wa redio wa Kaloleni, ambaye dukani kwake redio zilizopona na zilizokufa zinakaa rafu moja. Fundi alinisikiliza bila kuinua macho. "Mpiga gitaa wao yuko hai," alisema. "Yuko juu huko, ukipita Olmotonyi. Sasa ni mzee wa kanisa. Ukimtajia bendi anakohoa." Akaniambia kama nitaipata santuri ataniazima mashine ya kuipigia, lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mashine yake haitatoka.

Nilipanda huko Jumapili, kwa sababu mzee wa kanisa utampata wapi tena kwa uhakika. Nilikuta ibada ya mavuno imekwisha na watu wametoka nje kwenye mnada. Asiyekulia kwenye sharika zetu za mlimani huenda hajui: watu hutoa sadaka ya vitu, ndizi, kuku, mayai, maboga, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa pale uwanjani. Na si lazima ununue ule wewe. Sifa ni kununua na kumpa mwingine, hasa mgeni. Siku hiyo mgeni alikuwa mkuu wa jimbo la kanisa, na alikuwa amekaa chini ya turubai na majogoo matatu miguuni.

Nilimpata mzee wangu pembeni, mrefu, koti la kijivu, uso wa mtu aliyeibiwa na anayemjua mwizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza shida yangu. Hakukohoa. Alinyoosha kidole kwenye meza ya mnada. "Ile pale," alisema. "Inafuata baada ya boga."

Nilidhani ananitania. Kumbe Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri kwamba watu wamezoea kumletea Mungu mabaki, na safari hii kila nyumba ilete kitu ambacho kukitoa kunauma. Mke wa mzee wangu alirudi nyumbani akalizungukia neno hilo wiki nzima, akapima kila kitu mle ndani, na asubuhi ile akafikia uamuzi kwamba hakuna kinachouma kama santuri ya mume wake.

"Nilimwuliza, kinakuuma wewe au mimi?" alisema mzee. "Akanijibu sisi ni mwili mmoja."

Mke mwenyewe alikuwa amesimama karibu na meza, kilemba cheupe, ametulia kabisa.

Boga likauzwa. Mnadi akaiinua santuri ikiwa ndani ya bahasha yake ya kaki, akaichungulia, na kwa kuwa hakujua aisifie nini akasema, "Wapendwa, hii haili pumba, haiugui kideri, na hailii alfajiri." Dada mmoja wa kwaya aliitaka afunikie ndoo ya maziwa. Alipoonyeshwa lile tundu la katikati alisita, lakini mnadi akamhakikishia kwamba maziwa nayo yanahitaji hewa. Kijana mmoja aliitaka aigeuze saa ya ukutani. Mimi nilinyoosha mkono. Upande wa pili, mwenye mali mwenyewe akanyoosha wa kwake, akaanza kuigombea santuri yake mwenyewe mbele ya mke wake, na mke akamwangalia kwa upole kana kwamba amebarikiwa sasa hivi.

Nilishinda. Niliipokea kwa mikono miwili, na kabla sijapiga hatua makofi yakaanza. "Mgeni! Mgeni! Ampe mgeni!" Kwaya ikaingiza wimbo. Ungefanya nini? Nilisogea nikicheka kwa meno, ndani nawaka moto, nikamkabidhi mkuu wa jimbo santuri ya baba yangu. Akaipokea, akashukuru, akafikiri, na kwa sababu naye ni mtu wa mlimani akasimama akasema, "Nami namrudishia Bwana. Inadiwe tena."

Ikanadiwa tena. Nikainunua tena, safari hii kwa bei ya mtu aliyepandwa na wazimu, na makofi yakaanza tena. "Mama mchungaji! Ampe mama mchungaji!" Mama mchungaji alikwisha kuanza kuinuka. Nikaona kwamba tukienda hivi nitaimaliza akiba yangu na santuri itabaki inazunguka uwanjani hapo mpaka mavuno mengine. Nikapaza sauti, "Naomba nimpelekee baba yangu. Ni mzee, yuko nyumbani Lemara."

Makofi yakakoma. Mgeni, sawa, na mama mchungaji, sawa, lakini baba mzazi hakuna anayemzidi. Ila kwa jinsi nilivyokuwa natetemeka kwa hasira, walielewa kwamba mzee yuko taabani. Wanawake wakanishika mabega. Mkuu wa jimbo akasimama na kumwombea Baba kwa kirefu, ainuliwe kitandani, na Baba wakati huo, kama ninavyomjua, alikuwa juu ya bati anaziba panapovuja. Walinipa na jogoo mmoja wa mgonjwa. Nilijaribu kusema si mgonjwa, wakaniambia nina imani.

Mzee wa gitaa alinisindikiza hadi barabarani. "Baba yako ndiye nani hasa?" aliuliza.

"Aliyepiga chupa."

"Siwezi kukudanganya, mwanangu. Chupa siikumbuki. Siku ile lori lilijaa, na wengine walikuja kwa sababu ya lori." Halafu, kwa sababu ni mtu mwema, akaongeza, "Mimi sina mashine, sijaisikia miaka mingi. Ukishampigia, nirudishie. Na uniambie kama gitaa langu bado lipo."

Nilishuka mlima na jogoo mkono mmoja na santuri mkono mwingine, na moyo mzito.

Fundi alitoa mashine yake bila ubishi mara tu alipoiona bahasha, akafunga duka, na alitaka kuja nayo nyumbani ila nikamkatalia. Jambo hili lilikuwa la familia. Nilimwita kaka yangu. Mama aliacha jikoni. Baba alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akakaa kwenye kochi na mikono mapajani. Hakuuliza nimeipata wapi.

Upande wa kwanza ulianza kwa kukwaruza, kisha gitaa likaingia, na nilitaka kulia kwa jinsi lilivyokuwa zuri. Vijana wanne au watano wakimwomba msichana asihamie Moshi. Haikuwa bendi mbaya. Yule wa mtandaoni ni mwongo, na nimemwandikia hivyo. Tukasikiliza mpaka mwisho. Chupa haikuwemo. Nikageuza. Upande wa pili ulikuwa wa haraka zaidi, besi inakimbia, mtu anapiga makofi, na sote tulikuwa tumeinamia mashine ile. Baba peke yake alikaa wima. Wimbo ukaisha. Sindano ikabaki inakwaruza.

Sikuweza kumtazama. Wa kwanza kusema alikuwa kaka yangu, yule yule aliyemwita Baba msanii wa kimataifa, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeisikia," alisema. "Pale katikati."

"Hata mimi," alisema Mama, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata kwa mgonjwa. "Kuna kitu kinalia ti, ti, ti."

"Iko wazi kabisa," nikasema.

Baba alitutazama mmoja mmoja.

"Hapana," alisema. "Haipo. Nimesikiliza kuliko ninyi. Walinisimamisha mlangoni, mbali na maiki, na nadhani haikufika. Haipo kabisa." Akavuta pumzi. "Lakini nilipiga."

Nilikuwa nimehangaika mlimani na mjini kutafuta ushahidi, na ushahidi ulikuwa umekaa pale kwenye kochi. Mwongo gani anayepewa mashahidi watatu bure akawakataa? Kaka yangu aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimefungwa.

Mama alizima mashine. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwuliza Baba hata swali moja kuhusu bendi hiyo. Alikaa karibu naye, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Sasa wewe ukiwa mlangoni," aliuliza, "wenzako walikuwa wamesimama wapi?"

Baba akainuka, akavuta stuli katikati ya sebule, akaanza kumwonyesha.