Kitambaa Kisichokakamaa

Siku ya pili ya safari, basi lilipowashusha kwenye lango la hospitali kubwa wasiyoijua, mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa bado amemshika mwanawe wima. Mtoto akiinama tu, tundu la kushoto la pua hudondosha maji. Mwaka wa tatu sasa. Majirani walisema mafua. Mama mkwe akasema meno. Yeye, kwa macho ya kazi yake, aligundua kwamba kitambaa cha kumfutia kikikauka hakikakamai kama cha makamasi. Hubaki laini kama kimefuliwa. Homa ya uti wa mgongo ilikwishampata mtoto mara mbili. Ya tatu, aliambiwa, huenda asiamke.

"Hayo ni maji ya ubongo," daktari mgeni alimweleza. "Sakafu ya fuvu ina tundu. Nitapitia puani, niweke kiraka cha utando wa paja lake."

"Uzi namba ngapi, daktari?"

"Hakuna uzi. Ni gundi na pamba tu."

"Kiraka bila uzi! Wateja wangu wangenitupia nguo usoni."

Daktari akacheka. "Ndiyo maana asipenge kamasi kabisa."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Pamba zikatolewa, pua ikawa kavu, hata mama wa kitanda cha pili akamtania: "Mwenzangu, sasa utamfuta nani?"

Siku ya sita mtoto alipiga chafya. Mkono wa mama ukaitangulia akili. Kitambaa puani, na maneno ya miaka mitatu yakatoka yenyewe: "Penga, baba, penga."

Mtoto mtiifu. Akapenga kwa nguvu zake zote.

Mama alikitundika kitambaa kwenye chuma cha kitanda, akakaa akikitazama. Hajawahi mtu kuombea kamasi hivyo. Saa nane akakishika. Laini.

"Ni mimi, daktari. Ni mkono huu."

Daktari hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Kesho yake, muda wake ukiwa umekwisha, daktari alisafiri. Angerudi mwakani, na hapo hapakuwa na mwingine wa kuwafanyia watoto wadogo kazi ile. Walimlaza mtoto siku kumi, kichwa juu. Maji hayakukoma. Wakapewa ruhusa: homa ikianza, mkimbizeni hospitali. Kutoka kwao, kukimbia huko ni siku mbili.

Asubuhi ya kuondoka alimbeba wima, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

"Mwenzangu, kitambaa chako!"

Hakugeuka. Mama wa kitanda cha pili akabaki nacho mkononi, hajui akifue au akitupe.