Nani Atampakulia Baba

Mama alipofariki, wanawake wa jirani walimpikia baba mpaka matanga yakaisha. Wakaendelea kwa muda kwa huruma, kisha mmoja mmoja wakarudi kwenye majiko yao. Hakuna wa kulaumiwa. Kila mmoja ana watoto, ana shamba, ana mume anayesubiri sahani. Lakini mimi nilikuwa nimesharudi Mwanza, na kila jioni nilipokaanga dagaa kwenye chumba changu cha Mabatini nilikuwa na swali moja tu kichwani: leo baba amekula nini?

Nilikuwa nampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

Alikuwa ananiwahi. Swali lilikuwa langu.

"Nakaribia. Wewe je?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Simu ikikatika nilianza kulipima lile neno. Alilisema haraka mno. Au alilisema taratibu, kama mtu anayeangalia pembeni. Mtu aliyeshiba husemaje "nimekula"? Nilijaribu kulisema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya sufuria, nikaona kwamba hata mimi nikilisema nimeshiba linasikika kama uongo.

Kwetu ni ng'ambo ya ziwa, Kagera. Baba ni mkulima wa kahawa na migomba. Anaweza kushika mgomba gizani akakuambia ni wa ndizi za kupika, za kuchoma au za pombe. Lakini mkungu ukishavuka mlango wa jiko ulikuwa wa mama. Sikuwahi kumwona baba akimenya ndizi hata moja, wala sikuwahi kumwona akifunua chungu. Haukuwa uvivu. Mwanamume mwenye nyumba yake, mwenye mke, kukaa kwenye kigoda akimenya ndizi ni jambo ambalo watu wangelisimulia wakitoka kanisani.

Dada yangu, aliyeolewa Magu, alitaka kumaliza mambo mapema. "Mzee aje kwangu," alisema. "Huku wali upo, watu wapo, atakula mpaka achoke." Baba alikataa. Mama tumemzika kwenye kibanja, katikati ya migomba, kama tunavyozika watu wetu, na kutoka mlango wa jiko unaliona kaburi. "Nimwache peke yake aote majani?" baba alimuuliza. Dada akanigeukia mimi.

"Sawa, akae," aliniambia. "Lakini siku nikisikia hali chakula, nakuja kumchukua, apende asipende. Na wewe ndiye utakayeniambia, maana mimi ananidanganya."

"Na mimi je, hanidanganyi?"

"Wewe utajua. Si ndiye unayewaza kila kitu?"

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kujua.

Kupika nilijifunza kwa shida, sikufundishwa. Nilipomaliza chuo nikapata kazi ya mkataba wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, na kwa kipato kile kula hotelini kulikuwa ni kwa siku chache za mwanzo wa mwezi. Zilizobaki nilibahatisha. Nilinunua maharage yaliyokwisha kuchemshwa, yale ya kupimwa kwa bakuli, nikayaunga kwa kitunguu nusu, nusu nyingine ikabaki imefunikwa kwa kikombe mpaka kesho. Nilinunua mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa, nikayachemsha na nyanya na ndimu, nikakaa kufyonza vichwa kwa utulivu ambao sina mahali pengine. Ugali uliolala niliukatakata, nikaukaanga kwa mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha dagaa. Chakula kikiwa kitamu nilishangaa. Kikiwa kibaya nilikila hivyo hivyo, na hakuna aliyejua.

Mama mmoja Msukuma, aliyepanga chumba cha jirani, alikuwa anapita koridoni akichungulia jiko langu.

"Mhaya, huo ni ugali au umebeba mawe ya ziwani?"

"Ugali, mama."

"Umeusonga kwa kalamu? Songa, baba, songa! Nyie mmesoma mpaka mikono imelala."

Siku moja aliniuliza kwa nini napika huku simu iko sikioni. Nikamwambia namfundisha baba yangu kupika. Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akaniletea kipande cha kiazi cha kuchemsha, akaingia kwake.

Wazo lilikuwa langu. Niliwaza kwamba kama neno "nimekula" siwezi kuliamini, basi nisikie chungu chenyewe. Nikamwambia baba tupike pamoja, yeye kule, mimi huku, saa kumi na mbili jioni. Ndizi za kwetu zinauzwa sokoni Mwanza, ila si kwa mfuko wangu. Kwa hiyo yeye alipika ndizi, mimi nikapika nilichonacho. Nilidhani atakataa. Akasema, "Subiri nifunge mlango."

Siku ya kwanza nilisikia anakohoa.

"Baba, fungua mlango, moshi utakuua."

"Watu wapite wanione na kisu cha ndizi? Nitasimuliwa mpaka kwa padri. Haya, nimeleta ndizi. Sasa?"

"Menya."

"Namenya." Nikasikia kisu. "Mbona zinageuka nyeusi kama kiatu?"

"Ni utomvu. Zitumbukize kwenye maji."

"Mama yako hakuwa anatumbukiza."

"Alikuwa anatumbukiza, baba."

"Wewe ulimwona wapi?"

"Jikoni."

"Ulikuwa unatafuta nini jikoni, mtoto wa kiume?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nami nikacheka, na dagaa wangu wakaungua.

Tukaendelea. Akajifunza kuchemsha maharage mchana ili jioni ayachanganye na ndizi. Akajifunza kupasha majani ya mgomba kwenye moto yalegee, halafu kufunika nayo chungu ili mvuke usitoke. Nikimuuliza ameweka maji kiasi gani, alijibu, "Ya kutosha." Nikimuuliza ya kutosha ni kiasi gani, alisema, "Wewe ndiye mwalimu." Chungu kilipoanza kutokota aliweka simu karibu ili nisikie. Nilikuwa nasikia kweli, ule mtokoto mzito wa ndizi chini ya majani, nikaona niko jikoni kwetu, mdogo, nimekaa juu ya kuni, na mama ananiambia nisogee.

Halafu alikuwa anasema, "Zimeiva. Haya, na wewe kale." Akakata simu. Kila mara alikata hapo.

Dada alipopiga kuniuliza, nilimjibu anakula. Nilikuwa na ushahidi wa masikio yangu. Hata hivyo nikilala nilijiuliza kwa nini anakata simu kabla ya kula. Labda anaona haya kutafuna masikioni mwangu. Labda anaogopa kunimalizia salio, ingawa mimi ndiye niliyekuwa napiga. Nilitafuta sababu kumi nzuri kwa ajili ya kuikimbia moja mbaya.

Ofisi ilipotupa mapumziko nilivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga asubuhi, nikapanda basi, nikafika nyumbani jua linazama. Sikumwambia baba nakuja. Nilimkuta jikoni, mlango umefungwa, amekaa kwenye kigoda cha mama, anamenya. Alikuwa anamenya haraka kuliko mimi. Nilisimama nikimwangalia, na kwa muda mfupi nilijisikia kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Kisha akanyanyuka kunisalimia, nikaona shati linavyoning'inia.

"Umepungua, baba."

"Ni umri."

Nilikaa naye. Maharage yakaingia, ndizi zikaingia, majani yakawekwa juu. Mlango tuliuacha wazi kidogo kwa ajili ya moshi. Ndipo mbuzi wa mama alipokuja, kamba yake ikiburuzika chini. Hakulia. Alisimama mlangoni akakitazama chungu.

"Huyu hafungwi?" niliuliza.

"Amezoea."

"Amezoea nini?"

Baba akasogeza ukuni ambao haukuhitaji kusogezwa.

Nilielewa, lakini mimi siwezi kuelewa jambo bila kwanza kulikimbia. Nikajiambia amekuja kula maganda, mbuzi wote wanapenda maganda. Lakini maganda yalikuwa nje, rundo zima kando ya njia, na alikuwa ameyapita.

Chungu kikaiva. Baba akakiipua, akakiweka chini, akakaa akikitazama, mikono juu ya magoti.

"Pakua, baba, tule."

"Pakua wewe."

"Ni chakula chako, umekipika vizuri."

Ndipo aliposema, taratibu, macho yakiwa kwenye yale majani. "Kupika nimeweza. Kupika ni kazi kama kazi nyingine, unaelekezwa, unafanya. Lakini kupakuliwa, maisha yangu yote nimepakuliwa. Na mama yangu, kisha na mama yako. Nikiinua jani kwa mkono wangu, nikajiwekea mwenyewe kwenye sahani, njaa inaondoka. Najua sasa nyumba haina mtu. Nakaa nacho mpaka kinapoa. Halafu huyu anakuja."

"Kila siku?"

"Si kila siku. Siku nyingine naonja."

"Na simu zote zile, baba?"

"Simu zilikuwa nzuri," alisema.

Nikainua majani. Mvuke ukatupiga usoni wote wawili. Nikamwekea ndizi na maharage, nikamnawisha mikono, nikampa sahani kwa mikono miwili kama mama alivyokuwa akifanya. Baba akala. Akamaliza, akanyoosha sahani, nikamwongezea, akala tena. Sijawahi kuona mtu mzima akila namna ile. Mbuzi alisubiri mlangoni, kisha akaondoka.

Siku zilizofuata nilimpakulia asubuhi, mchana na jioni, na kati ya mlo na mlo niliwaza. Nibaki? Mkataba ungekatika, na pale nyumbani hakuna kompyuta ya kuingiza chochote. Nimpeleke Mabatini? Chumba kimoja, kitanda kimoja, mchana kutwa angekaa juu ya ndoo akitazama ukuta. Tutafute binti wa kumsaidia? Nilimgusia, akanitazama kwa aibu. "Nilete mtoto wa watu kwa sababu nimeshindwa kuinua jani?" Nikasema basi mama wa nyumba ya jirani awe anapita tu jioni, apakue, aende zake. "Mke wa mtu," baba alisema, na hilo likaishia hapo.

Nilitoka nikaenda kwenye migomba, mbali na masikio ya baba, nikampigia dada. Kaburi lilikuwa safi, limetandazwa majani makavu kwa mpangilio, pembe zote sawa. Hiyo kazi alikuwa anaifanya bila kuelekezwa na mtu.

Dada akapokea. "Anakula?"

Ningeweza kusema anakula. Muda uleule alikuwa ndani na sahani yake, na ingekuwa kweli.

"Nikiwepo anakula."

"Na usipokuwepo?"

Nikatazama kaburi.

"Wewe, nimekuuliza."

"Hali."

Nilitegemea kelele. "Haya," alisema, sauti imemshuka. "Nakuja."

Baba hakubisha. Alipomwona dada anashuka kwenye pikipiki na begi tupu alijua begi lile ni la nini. Aliomba tu siku moja. Siku hiyo alishinda kibanjani akikata majani yaliyokauka, akiyatandaza, akipalilia kaburi, na tulipomwita mchana alikuja, akapakuliwa, akala, akarudi. Mbuzi alipewa jirani. Dada alifunga mlango wa jiko kwa waya kwa sababu haukuwahi kuwa na kufuli.

Sasa yuko Magu. Nilikwenda kumwona baada ya mvua. Amenenepa, mashavu yamerudi, na shati nililodhani limekuwa kubwa linambana. Anakaa kwenye kiti barazani, mbele yake ni majaruba ya mpunga, hakuna mgomba hata mmoja. Tulikuwa tunakula wali na samaki aliponiambia jirani amepiga simu.

"Anasema migomba imesongamana. Majani yameanguka yote pale kwa mama yako, hapapitiki."

"Nitakwenda, baba. Nitapasafisha."

"Utakwenda lini, na kazi?"

Nilianza kuhesabu kichwani likizo, nauli, mkataba unaokaribia kuisha, kama nitaweza kuondoka Ijumaa na kurudi Jumapili, na nilipokuwa bado nahesabu akaacha kunitazama. Alikuwa amesimamisha mkono juu ya sahani.

Dada akatoka na sufuria. Hakusikia tulichokuwa tukisema. Aliona tu sahani ya baba imebakia wali kidogo, akaongeza kijiko cha kwanza, akaongeza cha pili, akamiminia mchuzi juu.

"Kula, baba," alisema.

Baba akaitazama ile sahani. Akafinyanga tonge, akala, akafinyanga lingine. Alikula wali wote.