Siri Mbili za Nyumba Moja

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ustawi wa jamii, Kisumu, niliambiwa nipange viti. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya. Afisa Mkuu, mtu wa Maseno asiyeinua sauti, aliviangalia viti viwili nilivyoweka mbele ya meza, akavisogeza mpaka vikawa umbali sawa kutoka changu.

"Kimoja kikizidi hata kidogo, aliyekaa mbali atasema umemwonea," akasema. "Na siku ya kwanza usingoje ukweli. Hawaji kusema. Wanakuja kukuangalia, wajue wewe uko upande wa nani."

Nyinyi vijana mnaniuliza mtakuta nini mkienda kwa mshauri wa ndoa. Sisi tulianza na kikao cha pamoja: mume na mke chumba kimoja, kila mtu aeleze kilichomleta bila kukatizwa. Kisha kikao cha faragha, mmoja mmoja. Kilichosemwa faragha hakikutoka ofisini, wala hakikufika kwa mwenzake. Hilo tuliliita sharti la siri, nami nilitia sahihi kabla ya kupewa ufunguo wa ofisi.

Nilihudumu Kisumu, nikapelekwa Maseno miaka minne, nikarudishwa Kisumu hadi nilipostaafu. Majina mengi yamenitoka. Ya Wasonga na mkewe Akoth, waliokuja niliporudi, hayajanitoka.

Wasonga alikuwa karani bandarini. Aliingia akatazama mlango, dirisha, kisha mimi.

"Wewe ni binti wa wapi?"

"Asembo."

"Huyu wangu ni wa Seme. Nyinyi ni majirani. Basi mimi nimeshashindwa."

Akoth naye aliniambia baadaye kwamba alimsikia Afisa Mkuu akimsalimia Wasonga kwa jina pale mlangoni, akajua wanaume wameshaelewana.

Shauri lao lilikuwa hivi. Wasonga alikuwa na miezi mitatu hajala chakula cha nyumbani, tangu alipokuta chupa ya maji meusi imefichwa kwenye debe la unga. Na kila Alhamisi mkewe alikwenda Kombewa, hasemi kwa nani.

"Ananiwekea dawa," akasema Wasonga. "Ama ni ya kunifunga akili, ama ni ya kuniua."

"Anapikiwa kwingine," akajibu Akoth. "Mwanamume hawezi kuishi kwa chai ya kazini."

Mimi nilimshuku mume. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri mno kwa mtu asiyeelewana na mkewe.

Katika faragha Akoth alilia. Chupa ile ilikuwa yake mwenyewe. Miaka sita hawakuwa wamepata mtoto, na mama mmoja wa mitishamba huko Kombewa alimpa dawa ya kunywa kila asubuhi. Ilimtapisha hadi nguo zikampwaya. Aliificha kwa sababu aliogopa kuitwa tasa na kuletewa mke mwenza.

Wiki iliyofuata, katika faragha yake, Wasonga aliisogeza kalamu yangu kando. Halafu akasema, "Usiandike." Alipopelekwa Nairobi kwa mafunzo alipimwa na daktari, akaambiwa hawezi kuzaa. Hakumwambia mtu. "Akijua, ataondoka," akasema.

Nilikwenda kwa Afisa Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ukimwambia mmoja, hapa hapatakuja mtu tena. Wavute waseme wenyewe."

Nikawavuta, wiki baada ya wiki. Niliuliza juu ya chakula, juu ya safari, juu ya watoto. Walijibu huku wakinikodolea macho, kila mmoja akikisia mwenzake ameniambia nini. Nilimsihi Akoth aache dawa hiyo inayomkondesha. Akasema, "Unataka nikose mtoto? Nani amekutuma?"

Katika kikao cha mwisho alitoa ile chupa mkobani, akaifungua.

"Unasema ni sumu? Ni dawa yangu ya kupata mtoto. Tazama." Akainywa.

Wasonga aliruka akaipiga ikaanguka. "Usinywe! Si wewe, Akoth. Ni mimi. Daktari aliniambia zamani. Ni mimi."

Akoth hakumtazama mumewe. Alinigeukia mimi.

"Na wewe ulijua?"

Sikuweza kudanganya. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tano."

"Wiki tano ninatapika, na wewe unanikaribisha kiti."

Wasonga alirudi kula nyumbani. Walimchukua binti wa marehemu ndugu wa Wasonga, wakamlea kama wao. Wenzangu ofisini walinipongeza. Lakini Akoth, tulipokutana sokoni, alivuka upande wa pili, na alifanya hivyo hadi nilipostaafu.

Watu hutaka niseme kwamba nilifanya sawa, kwa kuwa ndoa ilipona. Sijui. Mwanamke alikuwa anaugua mbele yangu, nami nilikuwa na neno la kumponya, nikalikalia. Kwa hiyo mkienda, kabla hamjasema lolote, muulizeni mshauri: ukijua jambo linaloniumiza, utaniambia? Halafu mtazameni vizuri usoni anapojibu.